Maji ya Radiateri Yanakwenda Wapi?

Mama wenzetu, sisi wote tunaifahamu mashini ya kusagia muhogo. Moteri yake ni ile ndogo ya silinda moja, inayotumia mazutu, na juu yake kuna sanduku la maji lililo wazi. Ikishasaga kwa muda, maji yanaanza kuchemka. Mvuke unapanda, kijana anachota kopo moja la maji, anaongeza, na kazi inaendelea mpaka jioni. Hakuna anayeogopa. Moteri ile imetengenezwa hivyo: maji yachemke, mvuke ubebe joto, mtu aongeze mengine.

Ndiyo sababu siku ile, tulipokuwa njiani kwenda Kalemie, shofere aliposema, "Wamama, inachemka kidogo tu, msiwe na wasiwasi," sisi hatukuwa na wasiwasi. Tulifikiri gari ni kama mashini.

Gari lenyewe ni Toyota ya mazutu, ya zamani, mali ya mume wa mwenzetu mmoja. Chama chetu kinalikodi kila mara tunapopeleka mizigo sokoni. Siku hiyo tulikuwa na magunia ya muhogo mkavu, maharagwe na bidoni za mawese. Pia tulikuwa na mkwe wa mwenzetu, mjamzito wa miezi minane, ambaye kituo cha afya kilimwandikia aende hospitali Kalemie kwa sababu damu yake ilikuwa inapanda. Kutoka hapa Bendera mpaka Kalemie ni zaidi ya kilomita 100, na kila mmoja wetu anajua hiyo barabara ilivyo.

Kwenye mlima gari lilianza kukosa nguvu. Sindano ya joto kwenye tablo ilikufa zamani na hakuna aliyejali kuitengeneza. Mvuke ulipotoka mbele, shofere alisimamisha. Konvoyeri, kijana wa miaka 17, mtoto wa mwenzetu mwingine, aliruka chini, akafungua boneti, akashika kifuniko cha radiateri kwa kitambaa na kukizungusha. Maji yalipaa juu kuliko kichwa chake. Yalimshika mkononi, shingoni na kifuani.

Wakati sisi tunamhangaikia kijana, mtu mwingine alikimbia mtoni na bidoni, akamimina maji ya baridi moja kwa moja ndani ya moteri iliyokuwa inawaka moto. Tulisikia sauti kama chungu kinapopasuka. Gari halikwenda tena. Tulilala kando ya barabara, na yule binti mjamzito alilala juu ya magunia. Asubuhi lori moja liliwachukua yeye na kijana. Binti alijifungua salama. Lakini usiku ule hatuwezi kuusahau, na makovu ya kijana bado yanaonekana.

Kutengeneza gari kulichukua miezi mitatu. Kulasi, yaani kile kichwa cha moteri, ilikuwa imepasuka, na pesa tulizochanga zilikuwa nyingi kuliko faida ya muhogo wa msimu mzima. Fundi alipomaliza tulimwomba jambo moja: atufundishe sisi wamama. Alicheka kwanza, kisha akakubali. Yanayofuata ni yale tuliyoyashika, kwa maneno yetu.

Mazutu yanapowaka ndani ya moteri, sehemu ya moto wake inasukuma gari na sehemu inatoka na moshi. Sehemu nyingine inabaki kwenye chuma, na hiyo lazima ibebwe na maji. Pompi inayazungusha maji yapite ndani ya moteri, kisha yaende mbele kwenye radiateri, ambako yanashuka katika mirija myembamba huku upepo unayapoza, halafu yanarudi. (Watoto wetu wanauliza kwa nini pikipiki haichemki. Nyingi kati ya hizi zinazotubeba hapa hazina maji kabisa. Angalia kando ya moteri yake, utaona mabati membamba kama mapezi ya samaki: yale yanapozwa na upepo.)

Mpaka hapo, gari na mashini ya kusagia ni ndugu. Kinachowatenga ni kifuniko. Maji ya mashini yako wazi, ya gari yamefungwa. Ndani ya kifuniko cha radiateri kuna springi na mpira vinavyobana mvuke, na juu yake mara nyingi kuna namba, kama 0.9 au 1.1, inayoonyesha ni kwa nguvu gani. Maji yaliyobanwa hayachemki haraka. Kule baharini maji ya wazi yanachemka kwa digri 100. Ziwa letu la Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo ufukweni Kalemie yanachemka kwa kama digri 97, na ukipanda milimani yanachemka mapema zaidi. Lakini ndani ya radiateri yenye kifuniko kizima, maji yanaweza kukaribia digri 120 bila kuchemka.

Fikiria basi maana yake, mama. Maji yale yana joto kupita maji yoyote uliyowahi kuwa nayo jikoni, na kwa macho yametulia. Ukizungusha kifuniko, kile kilichoyabana kinaondoka, na yote yanataka kuchemka kwa mara moja. Hayapati nafasi isipokuwa usoni mwako. Kitambaa hakikusaidii kitu. Konvoyeri wetu alikuwa na kitambaa.

Fundi alituambia tusubiri si chini ya nusu saa, na hata baada ya hapo tuguse kwanza ule mpira mkubwa wa juu, unaoitwa duriti. Kama ni wa moto au ni mgumu kama umejazwa, usifungue. Ukipoa na kulegea, unafungua taratibu, uso ukiwa pembeni, mpaka hatua ya kwanza, unasubiri, kisha unamaliza. Sisi tumeweka sheria yetu: kwenye gari lililobeba mzigo wa chama hakuna mtoto wala kijana anayegusa kile kifuniko. Ni shofere peke yake, na ni gari likiwa baridi.

Kutoka kwenye kifuniko fundi alitufikisha kwenye jambo ambalo lilibadilisha akili zetu zaidi ya yote. Kama maji yamefungwa, hayawezi kuisha. Mashini ya kusagia inakunywa maji kwa sababu yanatoka kama mvuke. Gari zima halinywi. Yakipata moto yanapanuka, kiasi kidogo kinahamia kwenye chupa ya akiba ya plastiki, na yakipoa yanarudi. Shofere wetu alikuwa anaongeza bidoni ya lita 5 kila safari, na alikuwa anatuambia kwa fahari kwamba yeye hasahau maji hata siku moja. Kumbe kila lita aliyoongeza ilikuwa habari, na hakuna aliyeuliza: yale ya jana yamekwenda wapi?

Wamama tunajua kuandika akiba. Katika chama kila franka inaingia kwenye daftari, na ikipungua tunauliza mbele ya wote. Tukasema, basi na maji yaandikwe. Kila asubuhi ya safari, gari likiwa baridi, mmoja wetu anasimama na shofere, wanafungua, wanaangalia, na kama inahitaji maji wanapima kwa kopo lilelile na kuandika tarehe na idadi ya makopo. Shofere alikasirika mwanzoni. Alisema tunamfanya mtoto. Tulimwambia kwamba hata mweka hazina wetu, ambaye ni mama wa watoto saba, anahesabiwa pesa mbele yake kila juma.

Juma tatu za kwanza daftari liliandika sifuri. Juma la nne, makopo mawili. La tano, manne. Hapo tukaanza kutafuta.

Njia rahisi ya kutafuta ni kulaza katoni kavu chini ya moteri usiku. Asubuhi unaona tone liko wapi, unainua macho juu yake. Tone la mbele ni la radiateri au la duriti ya chini. Tone la katikati, chini ya pale mkanda unapozunguka, mara nyingi ni la pompi. Pompi ina tundu dogo kwa chini, na maji yakianza kutoka pale, mpira wake wa ndani umechoka, na hakuna dawa ila kubadilisha. Duriti unaziminya kwa mkono zikiwa baridi. Zikiwa laini kama ndizi iliyoiva kupita, au zikionyesha nyufa unapozikunja, zitapasuka, na hazipasuki nyumbani, zinapasuka mlimani. Zile kolie zinazozikaza nazo zinalegea na kula kutu.

Katoni yetu ilikuwa kavu. Tuliogopa sana, kwa sababu maji yakipungua na chini hakuna kitu, pengine yanaingia ndani ya moteri yenyewe. Fundi akatuonyesha dalili za ubaya huo. Vuta kijiti cha kupimia mafuta na fungua kifuniko cha kumiminia mafuta: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji na mafuta vimekutana. Angalia moshi: mweupe mzito usioisha hata moteri ikishapata moto ni maji yanayoungua. Au, asubuhi gari likiwa baridi kabisa, acha radiateri wazi, washa moteri kwa dakika chache tu na utazame: mapovu yasiyokoma ni hewa ya silinda inayopenya, na joini ya kulasi imekwisha. Ukiona mojawapo, gari lisibebe mtu tena mpaka lifunguliwe. Kila kilomita unayoongeza inapandisha bei.

Sisi hatukuona hata moja. Ni mwenzetu aliyekuwa anashika tochi aliyeona, nyuma ya moteri, kwenye kabomba kembamba ka shofaji ambako hakuna anayekakumbuka, alama nyeupe kama chumvi iliyokaukia. Maji yalikuwa yanadondoka juu ya chuma cha moto na kukauka kabla ya kufika chini. Kolie moja ndogo ilikuwa imelegea. Iligharimu bei ya sabuni chache. Mwaka uliotangulia, kitu kama hicho kilitugharimu kulasi.

Tuliuliza pia kwa nini gari lingine linachemka hata kama maji yamejaa. Jibu lake linategemea linachemka lini. Kama linapata moto likisimama au likipanda mlima polepole, lakini likikimbia linapoa, tatizo liko kwenye upepo: vantilateri haivuti. Angalia mkanda. Bonyeza katikati yake kwa kidole gumba, ushuke kama sentimita 1. Ukishuka sana unateleza, na pompi pia inazunguka kwa mkanda huo huo kwenye magari mengi ya zamani. Angalia tena ile kola ya plastiki inayozunguka vantilateri. Mafundi wengi wanaitoa kwa sababu inawasumbua, na haizirudishi mahali pake karanga zake za kukazia zikishapotea. Bila kola, vantilateri inazungusha hewa ileile ya moto iliyo pembeni yake badala ya kuivuta kupitia radiateri. Gari letu lilikuwa halina. Tuliikuta nyumbani kwa mwenye gari, kuku anatagia ndani yake.

Kama gari linapoa likienda polepole lakini linapata moto likikimbia au likibeba mzigo kwa muda mrefu, radiateri yenyewe imeziba, nje au ndani. Nje ni matope, mbegu za majani na wadudu. Katika kiangazi, majani yakiwa makavu na marefu kando ya njia, safari moja inatosha kuifunika. Kwenye mabwawa ya umeme, kama hili letu la Kyimbi linalopeleka umeme mpaka Kalemie, maji hayaingii kwenye mabomba bila kupita vyuma vya kuzuia majani na vijiti, na lazima vyuma hivyo visafishwe, la sivyo maji hayapiti. Radiateri ni hivyohivyo, ila kwa upepo. Inaoshwa kwa maji ya polepole kutokea upande wa moteri kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usikwangue kwa kisu wala waya. Yale mabati membamba yanalala, na upepo haupiti tena.

Ndani, kinachoziba ni maji tunayoweka sisi wenyewe. Maji ya mtoni wakati wa mvua yana udongo, na udongo unatulia kwenye mirija myembamba. Maji yanayotoka kwenye mawe ya chokaa nayo yana ubaya wake, na nchi yetu ina chokaa ya kutosha; kule Kabimba inachimbwa kutengenezwa simenti. Kila mama ameona ukoko mweupe kwenye birika la chai. Ukoko huohuo unakaa ndani ya moteri na kuzuia joto lisitoke. Maji mazuri tunayoweza kupata sisi ni ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye bidoni iliyoandikwa GARI. Tunayo bidoni 2 za namna hiyo na hakuna anayeruhusiwa kuziosha kwa sabuni.

Kuhusu mayai, pilipili, unga na sabuni ndani ya radiateri: tumeyaona yote, na ni kweli kwamba tundu dogo linaweza kuziba kwa siku mbili. Lakini yai halijui tundu ni lipi na mrija mzima ni upi. Linaziba vyote. Kama uko katikati ya pori na huna namna, hatutakuhukumu, lakini ukifika lazima mfumo wote uoshwe.

Jambo lingine tulilolikuta ni kwamba gari letu halikuwa na termosta. Hiki ni kifaa kidogo, kama mlango, kinachozuia maji yasiende kwenye radiateri mpaka moteri ipate joto linalofaa. Vingi vinafunguka karibu na digri 82. Fundi fulani aliitoa zamani akisema huku kwetu kuna joto, haina kazi. Fundi wetu wa sasa anapinga kwa nguvu, na sisi tunamwamini kwa sababu alitueleza. Bila termosta, moteri inakaa baridi muda mrefu, inakula mazutu zaidi na inachakaa. Tena kwenye moteri nyingi, ukiitoa, sehemu ya maji inapata njia ya mkato na kurudi ndani bila kupita radiateri, kwa hiyo kwenye mlima gari linachemka zaidi kuliko awali. Kuipima ni kazi ya jikoni: itie kwenye maji ndani ya kopo la zamani, pasha moto, na itazame. Kabla maji hayajachemka iwe imefunguka, na yakipoa ijifunge. Kopo hilo lisirudi kwenye chakula.

Sasa antijeli, ile likidi ya rangi inayouzwa kwenye bidoni. Wengine wanacheka: antijeli ni ya kuzuia barafu, na Bendera haijawahi kuganda. Ni kweli. Lakini ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inatunza mpira wa pompi. Inachanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Ile ya kijani ya zamani inabadilishwa kila baada ya miaka 2, na rangi tofauti zisichanganywe ovyo, kwa sababu nyingine zikikutana zinafanya utelezi mzito kama mlenda.

Lakini hapa, mama, tunaomba usome polepole. Antijeli nyingi zina sumu, na ubaya wa sumu hiyo ni kwamba ni tamu. Mtoto akionja hatatema. Mbuzi na mbwa wanailamba. Kiasi kidogo kinatosha kumuua mtoto: kwanza anayumba kama mlevi, anatapika, anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha figo zinaharibika. Usingoje dalili. Ukijua au ukishuku kwamba amekunywa, mkimbize hospitali saa ileile na uende na ile bidoni waione. Na zile bidoni nzuri, ngumu, zenye kifuniko kizima, ambazo tunazipenda kwa mawese na maji ya kunywa, zisiingie nyumbani. Tumekuta moja sokoni, imeoshwa, inauzwa na mawese ndani. Tulimnunulia yule mama bidoni nyingine, na ile tuliitoboa. Antijeli ya zamani inapotolewa kwenye gari, isimwagwe karibu na kisima wala mtoni, na shofere asiivute kwa mdomo kwenye mpira.

Gari likianza kupata moto njiani, mlio ndani mnaweza kusaidia kuliko mnavyofikiri, kwa sababu shofere mara nyingi anaona haya kusimama. Mwambieni asimame. Kabla ya kufika mahali salama, anaweza kufungua shofaji mpaka mwisho. Hewa ya moto itawatesa miguuni, lakini inapunguza joto la moteri. Akisimama na mvuke unatoka, azime. Shukeni wote, watoto wapelekwe mbali na mbele ya gari, kaeni kivulini. Boneti ifunguliwe kwa tahadhari, kifuniko kisiguswe. Moteri ikishapoa kabisa, maji yaongezwe kidogo kidogo, yasiwe ya baridi sana. Chungu kilichotoka motoni haumwagii maji ya mtoni, unajua kitakachotokea.

Na mtu akiungua? Siku ile sisi tulikosea. Mmoja alitaka mawese, mwingine dawa ya meno, na tulipaka vyote viwili. Muuguzi wa Kalemie alilazimika kuviondoa juu ya ngozi iliyochubuka, na kijana alipiga kelele mpaka tukatoka nje kulia. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi ya kawaida, siyo ya barafu, yamwagike juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanasaidia. Vua nguo iliyolowa, saa na bangili kabla hajavimba, ila kilichogandamana na ngozi usikivute. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi na mpe maji anywe. Mtoto mdogo, au jeraha la usoni, mikononi au sehemu za siri, au lililo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, lazima lionwe na muuguzi. Kwa hiyo kati ya zile bidoni 2 za maji ya gari, moja hatuitumii kwenye radiateri hata shofere aombe namna gani. Ni ya mtu.

Sindano ya joto kwenye tablo sasa inafanya kazi. Ilikuwa waya mmoja tu uliokatika. Kijana wetu amerudi kwenye kazi yake, na ni yeye anayeshika kopo la kupimia, kwa sababu alisema hataki mwingine aungue kama yeye. Alhamisi hii tuliongeza nusu kopo. Katoni iko chini ya gari tangu jana usiku.